Kwa nini mfumo wa kubuku vyumba huganda wageni wakiwa wengi

Maulidi ikikaribia hapa Lamu, wenye nyumba za wageni hutupigia simu kwa lalamiko lile lile: mfumo umeganda. Intaneti ipo, seva (kompyuta inayoendesha mfumo) inawaka, ila ukurasa haufunguki. Wengi hufikiria kununua seva kubwa zaidi. Tunawaomba msitoe pesa hizo kabla programu yenyewe haijakaguliwa.

Programu nyingi ndogo tunazozikuta, hasa zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, humpokea mteja mmoja, zikamsikiliza mpaka amalize, ndipo zimpokee wa pili. Sasa mgeni yumo botini kutoka Mokowe, anabuku huku akivuka, na simu inapoteza mtandao. Seva haina habari. Soketi ya Python, yaani ncha ambayo programu huwasiliana na mteja kupitia kwayo, isipowekewa kikomo cha muda husubiri bila mwisho, na wote walio nyuma yake wanakwama. Linux, mfumo endeshi wa seva, ina njia ya kuuliza kama upande wa pili ungali hai, lakini programu isipoiomba haifanyi kazi, na hata ikiombwa, kwa kawaida hungoja saa 2 kabla ya kuuliza mara ya kwanza.

Kumpa kila mteja thredi yake, yaani mkondo wake wa kazi ndani ya programu, huiachia seva nafasi ya kupokea wengine. Mafundi wengi huishia hapo, nasi hatukubaliani nao. Thredi inayomngoja yule mgeni wa botini bado imekwama. Zikirundikana, soketi huisha: mara nyingi Linux huruhusu programu moja kufungua faili na soketi 1024 tu. Kwa hiyo tunaweka kikomo cha sekunde 30, tunapunguza idadi ya thredi, na tunahakikisha soketi inafungwa hata hitilafu ikitokea.

Linalotuuma zaidi ni chumba kimoja kuuzwa mara mbili. Thredi mbili zikikagua kwa pamoja, zote huona chumba kiko wazi, zote huandika. Mgeni anafika Shela na mizigo na watoto, chumba kina mtu. Kukagua na kuandika lazima kuwe tendo moja chini ya kufuli, yaani kibali kinachoshikwa na thredi moja tu kwa wakati mmoja, na kufuli ifunguliwe kabla ya kumtumia mteja jibu, la sivyo mtandao wake mbovu utawazuia wote.

Mfumo ukiganda, tupigieni kabla ya kuuzima na kuuwasha tena. Ukishazimwa, orodha ya soketi zilizo wazi hupotea, na hiyo ndiyo hutuonyesha ulipokwama.