Kebehi kwa Switch 2 zimekosa shabaha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kebehi zinazoiandama Nintendo Switch 2, mashine ya kuchezea gemu mkononi au kwenye TV, tangu kuzinduliwa kwake. Aprili 2, 2025 Nintendo ilionyesha mashine hiyo, na bei zikajulikana siku hiyohiyo: dola 449.99 kwa Marekani, na dola 79.99 kwa gemu ya Mario Kart World. Kesho yake matangazo ya moja kwa moja ya kampuni hiyo yalifurika ujumbe mmoja uliorudiwa bila kuchoka: shusha bei. Wengine wakasema ni Switch ileile iliyonenepeshwa. Wengine wakaicheka Welcome Tour, gemu ya kukutembeza ndani ya mashine uliyokwisha kuinunua, ambayo nayo iliuzwa dola 9.99 (hilo, kusema kweli, lilistahili kicheko). Juni 5 mashine ikaingia madukani, na ndani ya siku nne zikauzwa zaidi ya milioni 3.5.

Sina ugomvi na wanaokebehi. Tatizo ni kwamba wengi wao wanarusha mawe pasipo na embe. Mwaka 2006 jina la Wii, mashine nyingine ya Nintendo, lilichekwa kila kona. Jina halikubadilika, na Wii zaidi ya milioni 100 zikauzwa. Mwaka 2013 mambo yalikuwa tofauti. Microsoft ilitaka mashine yake ya gemu, Xbox One, iwasiliane na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na ikaweka masharti juu ya diski za mkono wa pili. Wachezaji walishikilia mambo hayo mawili, wakayataja kwa majina, na Juni 19, miezi mitano kabla ya mashine kuuzwa, kampuni ikayafuta yote.

Sasa, je, ni "Switch ileile"? Hapana. Ya mwaka 2017 ilikuwa na kioo cha inchi 6.2 chenye mistari 720 na hifadhi ya GB 32. Hii ina inchi 7.9, mistari 1080, inachora hadi picha 120 kwa sekunde, ina GB 256, na ikiwekwa kwenye kitako chake hupeleka picha ya 4K kwenye TV. Anayetaka kulalamikia kioo angesema kwamba si OLED (kioo ambacho kila nukta hujiwakia yenyewe, na weusi wake huwa mzito), hivyo aliyezoea toleo la OLED la 2021 ataona weusi umepauka. Anayetaka kulalamikia betri angesema kwamba, ingawa imekuzwa kutoka mAh 4,310 hadi 5,220, kampuni yenyewe inaahidi saa 2 hadi 6.5 tu, wakati Switch iliyoboreshwa mwaka 2019 iliahidi saa 4.5 hadi 9. Malalamiko hayo yana miguu, lakini sijayasikia sana.

Kasoro kubwa zaidi imo ndani ya boksi la gemu. Baadhi ya gemu za Switch 2 zinauzwa kwa kadi isiyo na gemu ndani. Kadi hiyo ni ufunguo tu: unaichomeka, mashine inashusha gemu yote kutoka intaneti na kuihifadhi ndani, na bado kila ukitaka kucheza lazima kadi iwe imechomekwa. Street Fighter 6 iliuzwa hivyo. Cyberpunk 2077, ambayo ni nzito kuliko nyingi, ilipakiwa nzima kwenye kadi ya GB 64, kwa hiyo hoja ya kwamba haiwezekani haina nguvu. Ni suala la gharama ya kadi. Kwa mtu wa Stockholm hili ni kero ndogo. Kwa mtu wa Tabora au Kisii anayeishi kwa bando ni hesabu nyingine kabisa: gemu ya GB 60 kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde inahitaji zaidi ya saa 13 mfululizo, bila umeme wala mtandao kukatika. Uzuri wake mmoja ni kwamba kadi hiyo unaweza kumuazima rafiki au kuiuza. Kabla ya kulipa, angalia sehemu ya chini ya boksi mbele: kadi za ufunguo zina alama ya ufunguo na maelezo kwamba lazima ushushe gemu kwanza.

Hifadhi nayo ina mtego. Gemu nne za ukubwa huo zinakaribia kuijaza mashine. Ukienda kuongeza memori kadi, ile microSD ya kawaida uliyonayo kwenye simu inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, ndiyo maana watu wanadanganyika, lakini mashine itaitumia tu kunakili picha na video zako za zamani. Gemu zinakubali microSD Express peke yake. Itambue kwa herufi EX usoni.

Nije kwenye vijiti vya kuongozea, maana Switch ya kwanza ilichafuka jina kwa sababu yao. Ndani ya kijiti kulikuwa na ulimi wa chuma unaosugua utepe wa kaboni. Kadiri unavyocheza utepe unalika, vumbi linaingia, na mashine inaanza kusoma msukumo ambao hakuna aliyeutoa: mchezaji wako anatembea mwenyewe. Kupuliza dawa ya kusafishia husaidia kwa muda, kisha ugonjwa unarudi, kwa sababu kaboni iliyolika hairudi. Dawa ya kweli ni vijiti vinavyosoma kwa sumaku, vya aina ya Hall, ambavyo havina cha kusuguana. Nintendo ilithibitisha Aprili 2025 kwamba vijiti vipya havitumii mfumo huo, na mafundi walipoifungua padi mpya (kishikio chenye vijiti hivyo) walikuta msuguano ni uleule wa zamani. Skrubu zake pia zimefichwa chini ya vipande vya plastiki vilivyogandishwa kwa gundi. Hapa ndipo penye haki ya kupiga kelele, hata kuliko bei.

Kwa wanaoiagizia huku kwetu, machache. Chaja yake inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo ya Japani au ya Marekani haihitaji transfoma, ni adapta ya plagi tu. Lakini kitako kinataka chaja yenye kutoa volti 20, wati 60. Ukichomeka chaja ya Switch ya zamani, mashine itajaza betri ukiichomeka moja kwa moja, ila ukiiweka kwenye kitako TV itabaki nyeusi, na utaambiwa kitako kimekufa. Kampuni inataka mashine itumike kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35 za Selsiasi. Chumba kilichofungwa Mombasa mwezi Februari hakiko mbali na mpaka huo, basi usiifungie kabatini wala kuziba matundu ya juu. Utando uliobandikwa kwenye kioo tangu kiwandani usiubandue. Si nailoni ya dukani. Upo ili kioo kikipasuka vipande visiruke.

Jihadhari na bei ya chini inayotoka Japani. Toleo lililouzwa yeni 49,980 lilipozinduliwa mwaka 2025 lina lugha ya Kijapani pekee na linakubali akaunti za Nintendo za Japani pekee. Lenye lugha zote liliuzwa huko yeni 69,980. Fungua mipangilio mbele ya muuzaji utafute Kiingereza, na usipokiona mrudishie.

Kwa ya mkono wa pili, iunganishe na intaneti kisha ufungue eShop, duka la mtandaoni la Nintendo. Tangu Juni 2025 Nintendo imekuwa ikizifungia mashine zilizotumia kadi za kunakilia gemu, na iliyofungiwa huonyesha kosa namba 2124-4508. Mashine ya namna hiyo haishushi chochote, hivyo kadi za ufunguo kwake ni plastiki tu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya padi, chagua kurekebisha vijiti, weka padi mezani na utazame alama ya katikati kwa dakika nzima. Ikisogea hujaigusa, bei bado haijakamilika kujadiliwa.

Wako,
Mpenzi wa gemu,
Dar es Salaam