Kaka, yule mpiga dramu wako alishakufa

Kaka,

Nilitaka kukupigia, lakini simu yangu hupokei tangu tulipomzika mama. Basi naandika hapa, maana najua mwanao wa pili hupita na atakusomea. Wengine mtakaosoma mnivumilie, haya ni ya nyumbani.

Yule mpiga dramu wako alishakufa. Aliitwa Boidi Sinkala. Miaka yote ile ulikuwa unasema "jamaa wa WITCH", ile bendi ya roki ya Zambia, kana kwamba ni jirani yetu wa pili pale nyumba za reli, na jina lake hatukulijua hata siku moja. Mimi nimelijua mwaka huu, kwenye simu ya binti yangu, saa nane ya usiku, usingizi umekataa. Amekufa siku nyingi, kabla Wazungu hawajaanza kuzitafuta sahani zake za santuri.

Unakumbuka mama alivyomuuliza baba hao wanaitwaje? Baba ndiyo kwanza ametoka Kapiri Mposhi, kule Zambia, na sahani yao mkononi, hata buti hajavua, na wewe ukamwahi kujibu kwa Kiingereza chako cha kidato cha kwanza: "Mchawi!" Hukupewa nafasi ya kueleza kwamba kila herufi katika zile tano ina neno lake, na maneno yote pamoja ni vijana wanaosema wamedhamiria kuzua vurugu. Mama alichukua gazeti na uji wa ngano akalifunika ganda lote, mbele na nyuma. Ndiyo maana sura zao hatukuwahi kuziona. Tulikuwa na picha ya mkutano wa ushirika wa kahawa, na ndani yake sahani yao Lazy Bones!!, ya mwaka 1975.

Nimeisikiliza tena. Kaka, nimeisikiliza mara sita. Nilidhani nitacheka, kama mtu anavyocheka suruali za zamani. Sikucheka. Gitaa linakoroma kama lori la mkaa linalopanda mlima, halafu kule chini yupo yule bwana, hana haraka, anagonga kama mtu anayejua mlango utafunguliwa. Nilikuona wewe. Debe la mafuta ya taa katikati ya miguu, kopo la maziwa ya unga kushoto, mfuniko wa sufuria umening'inizwa kwa kamba ya kiatu ndiyo toazi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuanika betri za gramafoni juani ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Debe hukuniruhusu kuligusa. "Mtoto wa kike atapasua," ulisema. Debe la bati!

Ulisema ukimaliza shule utapanda treni, kilomita 1,860 ni za wavivu wanaotokea Dar, sisi wa Mbeya tuna nafuu, utashuka Kapiri, utatafuta gari la kwenda Kitwe, umwulize yule bwana mguu wake wa kulia anaulisha nini. Hukwenda. Sikulaumu. Mtu ana mambo yake.

Lakini nilikuwa sijui walipitia nini, na nadhani wewe pia hujui. Sisi tuliona treni tu na baba akishuka na sabuni na sukari. Kule shaba ilikuwa imeanguka bei katikati ya miaka ya sabini, na nchi nzima ilikuwa inakula shaba. Halafu vita vya Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mzee Kaunda aliwapa hifadhi wapigania uhuru, na mabomu yakawafuata hadi Zambia. Ikawa usiku kuna amri ya kutotoka nje, taa zinazimwa, kwa hiyo bendi zikawa zinapiga mchana, jua linawaka. Hebu mwazie yule bwana anazua vurugu saa tisa alasiri, watu wakimaliza waende nyumbani mapema wakapike.

Halafu ukaja ugonjwa. Wanamuziki wengi wa Zamrock, ndiyo roki hiyo ya Zambia, waliondoka na UKIMWI miaka ya themanini na tisini. Hilo sina haja ya kukueleza, wewe na mimi tulikuwa Mbeya, tunajua ilikuwaje kufungua kabati kila Jumamosi kutafuta kanga nyeusi. Katika wale wa mwanzo wa WITCH amebaki mwimbaji peke yake, Emmanuel Chanda, yule waliyemwita Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger, mwimbaji wa Uingereza. Alikuwa anachimba vito. Wamarekani wakazitoa upya sahani zao, filamu ikatengenezwa mwaka 2019, na sasa mzee anaimba Ulaya akiwa amevaa joho na vijana wanajua maneno kuliko sisi. Kwenye dramu yupo kijana wa Kiholanzi. Anapiga vizuri, siwezi kusema uongo. Nilizima.

Sasa nije kwenye la bakuli.

Wiki ya harusi yako, 1993. Nilitoka kuchota maji nikakukuta uani umeinua sufuria ya wali, umeipindua juu ya mafiga, na juu yake umelaza sahani ya baba. Birika mkononi. Ulimimina polepole, kwa adabu, kama unamnawisha mgeni. Nikaiona inalegea pembeni, inajikunja, kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Ukaishika kwa kitambaa, ukafanya mawimbi kwa vidole, moja, mawili, matatu. Tundu la katikati ukaliziba kwa nta ya mshumaa. Ulikuwa unamtengenezea wifi bakuli la maua ya plastiki, kwa sababu kila nyumba ya maana pale mtaani ilikuwa nalo.

Hilo ningelisahau. Vijana wote walifanya hivyo, santuri zilikuwa takataka, kaseti zimeshashika nchi. Lakini ulikuwa unapiga mluzi, na ulikuwa wimbo wa kwanza wa upande wa pili, wa sahani ileile iliyokuwa inalegea mikononi mwako.

Sikusema kitu. Niliweka ndoo chini nikakushikia kitambaa.

Ndiyo maana siku ya matanga uliposimama mbele ya baba wadogo na kusema "huyu aliuza urithi wa mzee," nilinyamaza, nikatazama mikono yako. Ndiyo, niliuza. Zile mbili zilizobaki, mwaka 2014. Alikuja kijana na daftari, anapita Mwanjelwa anauliza wazee wenye sahani za zamani. Alinipa elfu sitini kwa kila moja. Leo naambiwa huko nje zinakwenda mamia ya dola. Ningejuaje? Dawa ya presha ya mama ilikuwa imekwisha tangu Jumanne, wewe ulikuwa umesema utatuma "mwisho wa mwezi", mwezi wenyewe hukuutaja. Nilinunua dawa za miezi mitatu, na bati mbili za jikoni. Bati bado zipo, nenda ukazihesabu.

Nilikuwa nimekaa hapa ili nikushauri, kaka, kwamba mtu akiwa mbali asisimame msibani kumhesabia aliyebaki. Ona nimeishia kukuhesabia bati. Pengine nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kuuza. Ungesema nini? Ungesema subiri. Presha haisubiri.

Mdogo wetu ameniambia unapiga dramu kanisani siku hizi, kwamba mchungaji amekuomba upunguze. Nilicheka peke yangu jikoni hadi maziwa yakamwagika.

Kaburi la mama tunalijengea Agosti, tarehe nitamtumia wifi. Bakuli ninalo mimi, alinipa mlipohama. Ukiliinua kwenye mwanga unaona mistari bado imo, inapanda na kushuka na yale mawimbi yako. Naweka vitunguu saumu. Ukija utalikuta mezani, na nakuomba usiingie tu na kutupia funguo zako humo.

Mdogo wako