Malalamiko: kitufe kipya cha kuondoa bakigraundi

Mafundi wa studio ya picha,
Chake Chake, Pemba.

Kwa: Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya programu ya kuhariri picha.

YAH: KUONDOLEWA KWA MASKI KATIKA TOLEO JIPYA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wateja wenu wa kulipia kila mwezi. Katika toleo jipya mmeondoa maski, yaani kile kifuniko kinachoficha sehemu za picha bila kuzifuta (nyeupe huonyesha, nyeusi huficha), mkaweka kitufe kimoja kinachofuta bakigraundi moja kwa moja. Kitufe kukosea si tatizo, vyote vya aina hii hukosea. Tatizo ni kwamba kikishakosea hapana pa kusahihisha.

Jaribuni wenyewe. Chukueni picha ya bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa. Bonyezeni kitufe, wekeni leya (tabaka) nyekundu chini yake, kisha kuzeni picha hadi asilimia 200. Nusu ya mkono wa kanzu imekwenda na ukuta, na mabegani pamebaki mstari mwembamba wa rangi ya chokaa. Kwenye maski tungepaka brashi nyeupe pale mkono ulipoliwa ukarudi, kwani pikseli, vile vidoto vinavyounda picha, zilikuwa zimefichwa tu. Sasa zimefutwa. Dawa pekee ni kurudi nyuma hatua zote, na faili likishahifadhiwa na kufungwa hata hiyo haipo.

Ule mstari wa mabegani nao ulikuwa na tiba yake: kuusogeza ukingo ndani pikseli 1, kuulainisha kwa nusu pikseli, halafu kuondoa rangi ya ukuta iliyoganda pembezoni. Vyote vitatu mmeviondoa.

Shela ya bibi harusi ni mbaya zaidi. Shela huonyesha kilicho nyuma yake, kwa hiyo haitaki jibu la "kata" au "acha". Maski ya biti 8 ina ngazi 256 kati ya nyeusi na nyeupe, na kazi yote ya shela iko kwenye kijivu cha katikati, kinachoonyesha nusunusu. Kitufe chenu kinaikata kama kipande cha bati.

Matamvua ya kikoi pia hupotea, na hapa tunadhani sababu tunaijua. Programu nyingi za aina hii huipunguza picha kwanza, hutafuta mipaka, kisha hukuza jibu. Picha ya upana wa pikseli 6000 ikipunguzwa hadi 1024, uzi wa pikseli 5 unabaki chini ya pikseli 1. Kwa picha ya pasipoti saizi, ambayo kwa milimita 35 kwa 45 na nukta 300 kwa inchi ni pikseli 413 kwa 531 tu, hasara hiyo haionekani. Kwa bango la A3 la muuza vikoi inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Jengine: programu sasa inahifadhi faili kwa aina ya JPEG isipoambiwa vyengine. JPEG haibebi uwazi, kwa hiyo sehemu tuliyoikata inajazwa nyeupe. Iwe PNG, inayobeba uwazi, angalau pale leya inapokuwa na uwazi.

Tunaomba msitujibu kwamba tupige picha mbele ya pazia la kijani ili iwe rahisi kukata. Kijani hurudisha mwanga wake kwenye kanzu nyeupe, na kuusafisha ni kazi kuliko kukata kwenyewe.

Tunachotaka ni kitufe kitoe maski badala ya kufuta, na vifaa vya ukingo virudi. Hadi hapo tupeni kiungo cha kupakua toleo lililopita kwa leseni hii hii. Kama hamuwezi, turudishieni fedha za miezi iliyobaki.

Tumeambatanisha picha tatu za asili, ya kanzu, ya shela na ya kikoi, pamoja na matokeo ya kitufe kwa kila moja.

Wenu,
Mafundi wa picha, Chake Chake