Barua kwa mwanangu: pini ya upande wa ndani

Tanga, Jumanne usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mama yako hajambo, presha imetulia, na ule mwembe wa uani mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama. Kifurushi hiki nimekikabidhi kwa kondakta wa basi la alfajiri. Ukikipata, soma barua kwanza ndipo ufungue ile bahasha ndogo.

Jana uliponiambia mashine ya boti imewaka, nilitoka nje kuwapa majirani habari. Binti yangu, huko Kilwa Masoko, kafungua injini ya dizeli yote, kabadili beringi, kairudisha na imewaka. Nilikuwa bado nacheka uliposema, "Ila baba, imebaki washa moja na vipini viwili, sijui vya wapi." Kicheko kikanikauka. Leo asubuhi nikakupigia nikakukataza kuiwasha tena, ukaniuliza mbona nimekuwa mkali hivyo. Jibu lake ni refu, simu haiwezi kulibeba. Na lina jambo ambalo hata mama yako sijawahi kumwambia.

Mjomba wangu alikuwa na mashine ya kusaga pale Pongwe. Injini yake ilikuwa Lister ya silinda moja, yenye magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni. Kabla ya hapo ilikuwa ikivuta maji kwenye shamba la mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mkoa wetu. Zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakaanza kufa moja baada ya jingine, na mashine zao zikauzwa kama vyuma chakavu. Mafundi nao wakatawanyika. Fundi wa mjomba alikuwa mmoja wao, mzee aliyejifunzia kazi kwenye korona, ile mitambo ya kuchuna majani ya mkonge. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye bloku na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia ugonjwa uko wapi.

Nilikuwa mtoto wa kushikashika. Kila kilichofungwa kwa nati nilitaka kujua ndani kuna nini. Hendeli ya ile Lister ilinifundisha mapema. Nilikuwa naizungusha huku kidole gumba nimekizungushia upande wa pili wa chuma, siku hiyo injini ikarudi nyuma, na kidole kikavimba wiki mbili. Tangu hapo gumba langu linakaa upande mmoja na vidole vingine, na wewe nilikufundisha hivyo hivyo kabla hujajua kusoma.

Na hili kovu la mkono wa kushoto. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, nikakwambia ni uji wa moto. Haukuwa uji. Land Rover ya mjomba ilichemsha tukipanda Amani, wakubwa wakaenda kutafuta maji kijitoni wakanionya nisiguse kitu. Nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji yaliyobanwa mle ndani yana moto kuliko yanayochemka sufuriani, maana yamezuiwa kuchemka. Ukiyafungulia yanachemka yote kwa mara moja, usoni kwako. Niliwahi kuukinga uso kwa mkono. Walipoulizana mfuniko umefunguliwa na nani, nikasema umeruka wenyewe. Wakaniamini, kwa sababu nilikuwa nalia.

Pini sasa. Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sukari ya kupanga foleni, na spea ndiyo usiseme. Beringi ya konrodi ya ile Lister, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ililika, na mjomba alihangaika karibu miezi miwili mpaka akapata nyingine. Siku ya kufunga, fundi aliniita. Ile injini ina mlango ubavuni mwa bloku, na mikono yangu ya miaka 13 ilipita vizuri kuliko yake. Yeye alizikaza nati mbili za konrodi mwenyewe, moja ya upande wa mlango, nyingine ya upande wa ndani. Unazijua nati zile, zenye mapengo kichwani kama taji, pini inapita kwenye pengo na kwenye tundu la bolti ili nati isilegee. Akaniwekea pini mbili kiganjani, akasema, "Pitisha, pinda miguu yake, basi." Halafu akaenda kuswali Adhuhuri. Msaidizi wake, kijana wa Kisambaa kutoka Lushoto mwenye miaka kama kumi na minane, alikuwa ameenda kuchota maji.

Ya upande wa mlango niliipitisha, nikaipinda kama nilivyoonyeshwa. Ya ndani iliniponyoka. Vidole vyangu vilikuwa na oili. Niliisikia ikigonga chuma mara moja, ting, kisha kimya. Nikapapasa chini ya bloku, nikapekua pumba zilizojaa sakafuni, nikazichekecha kwa vidole mpaka macho yakaniwasha. Nyingine haikuwepo. Zile mbili zenyewe fundi alizitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa.

Fundi akarudi, mikono ikiwa bado na maji ya udhu. Akauliza, "Umefunga zote mbili?"

Nikasema, "Nimefunga."

Yule kijana akaja na ndoo yake, akaambiwa achungulie kisha afunge mlango. Akafanya hivyo. Tukajaza oili, tukatoa upepo kwenye bomba la dizeli, injini ikawaka, na akina mama waliokuwa wamekaa na madebe yao ya mahindi wakapiga vigelegele. Mjomba akanipa shilingi tano.

Mama, nati ile haifunguki siku hiyo hiyo, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Injini inazunguka mara 650 kwa dakika, kila mzunguko unaitikisa kidogo sana, jicho halioni. Siku ya saba nilisikia mlio umebadilika. Ule mdundo wake wa kutulia ulikuwa na kitu nyuma yake, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole. Wengine hawakukisikia, kwa sababu kinu kilikuwa kikipiga kelele. Mimi nilikisikia kwa sababu nilikuwa nakingojea. Nilikisikia siku mbili nzima, nikila, nikienda shule, nikirudi. Nilikuwa na siku mbili za kusema.

Jumamosi, foleni imefika barabarani, konrodi ikatoka. Ilipasua bloku ubavuni, kipande cha chuma kikaruka kikatoboa bati la ukuta, na oili ya moto ikamwagika mpaka kwenye unga. Mahali kipande kile kilipopita, dakika chache kabla alikuwa amesimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka kwenda kuokota kanga yake iliyoanguka. Sijawahi kusahau rangi ya ile kanga.

Fundi alimimina oili iliyobaki kwenye karai, akaichekecha kwa kitambaa. Akapata nati mbili, bolti iliyokatika, na pini moja. Akarudia. Pini moja. Hakunitazama mimi, mtoto. Alimtazama aliyechungulia na kufunga mlango. Kijana alisema mara mbili tu, "Mimi niliangalia." Jioni ile mjomba alimfukuza, hata mshahara wa mwezi hakumpa. Nilikuwa chini ya mwembe, nikamwona anavuka barabara na mfuko wake wa nguo kusubiri gari la kwenda Muheza. Shilingi tano ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Mashine ilinyamaza miezi minane. Wanawake wa pale walirudi kwenye kinu na mchi, au walipanda basi na debe kuja mjini.

Yule kijana nilimwona tena 1996, soko la samaki la Deepsea, amekaa juu ya kreti anatengeneza mashine ya boti. Yeye hakunitambua. Nilinunua samaki nisiowahitaji, nikaondoka, nikarudi. Nikajitaja, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona kukaa mbele yake ni kujipa haki nisiyo nayo. Alikuwa na plagi mkononi anaisugua kwa msasa, akaendelea kuisugua mpaka nilipomaliza. Nilitegemea matusi. Akauliza, "Ilikuwa pini ya upande wa mlango au ya ndani?"

"Ya ndani."

Akaweka plagi chini. "Ya mlangoni niliiona kwa macho yangu," akasema. "Ya ndani nilitia kidole, nikahisi kitu, nikadhani ndiyo. Miaka yote hii najiuliza kama kweli niliangalia au nilisema tu." Kisha akaniuliza kama nimeshamwambia mjomba. Mjomba tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Nikamwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaokota plagi yake.

Sasa nisikilize, mwanangu. Huenda hivyo vipini viwili ni vile vikuukuu ulivyovitoa mwenyewe ukaweka vipya, na washa nayo ni ya zamani. Huenda. Lakini uliniambia hujui ni vya wapi, na boti ile Ijumaa inapeleka watu Songo Songo. Bahari ya pale haina pa kuegesha gari ukashuka kuangalia.

Mwambie mwenye boti leo, kabla hajaanza kupokea nauli. Mwambie ni wewe uliyeifunga na ni wewe unayeitilia shaka. Akigomba, mwache agombe. Mimina oili kwenye beseni safi, ichuje kwa kitambaa cheupe, uone kama kuna chembe za chuma. Fungua mpaka kwenye konrodi. Kila unachotoa kiweke juu ya kanga kwa mpangilio uliokitolea, kushoto kibaki kushoto. Nati ya upande wa ndani usiipime kwa kidole. Tafuta kioo, kile chako cha wanja kinatosha, na tochi, uione pini na miguu yake iliyopindwa. Ile ya zamani usiirudishe, chuma kilichopindwa mara mbili kimeshachoka.

Kwenye bahasha nimekuwekea pini mpya ishirini, za saizi tatu, nimezinunua leo Ngamiani. Kama hazitoshei, nitafute, zingine nitazituma kwa basi la kesho. Ukishamaliza kuangalia nipigie, hata iwe saa nane ya usiku. Simu nimeiweka kwenye chaji, iko hapa kando yangu.

Baba yako