Jumamosi tunaanza na klave

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi tukutane kwa mazoezi ya bendi yetu Kansanga saa nane mchana, palepale pa siku zote. Safari hii magitaa yasubiri kwanza. Nataka wote tupige makofi ya klave, mdundo wa msingi wa muziki wa Kuba: mapigo matano, matatu katika nusu moja ya mzunguko na mawili katika nusu ya pili, mpaka yakae mwilini. Juzi gitaa lilinguruma vizuri sana, lakini tumba, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, zilifunikwa kabisa, na bila tumba tunabaki bendi ya roki kama nyingine zote.

Kabla ya hapo sikilizeni bendi ya Santana walivyopiga kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969, kisha bendi ya Puya ya Puerto Rico, waliochanganya salsa na hevi metali. Sikieni gitaa linavyoipisha ngoma. Na sisi tumekua na rumba ya Kongo. Mizizi ya tumba za Kuba iko Afrika ya Kati, kwa hiyo mdundo huu si mgeni kwetu.

Hatuna kampuni ya kutulipia, basi kila mmoja atume shilingi 10,000 za chumba kabla ya Ijumaa. Dada wa besi, tafadhali njoo na waya wako, ule wa pale umekatika.