Salamu za shukrani: familia ya Babu Soksi, Lowell na Voi

Sisi familia ya marehemu baba yetu, ambaye wajukuu na nusu ya mtaa hapa Lowell, Massachusetts, walimwita Babu Soksi, tunamshukuru Mungu na kuwashukuru ninyi nyote mliosimama nasi kwa hali na mali tangu alipotutoka hadi tulipomlaza kwao Voi. Mlipiga simu, mlichanga, mlipika, mlikesha nasi. Hatuna cha kuwalipa.

Shukrani za pekee ziwaendee Wakenya wa Lowell na ndugu zetu Watanzania, ambao mchango wao ndio uliomfikisha baba nyumbani, wachungaji na kwaya, wauguzi waliomhudumia, na kule Voi, wazee wa ukoo, vijana waliochimba kaburi, na akina mama ambao moto wao haukuzimika siku zote za matanga.

Wengi mliuliza kuhusu ile kofia ya buluu juu ya jeneza. Mjomba mmoja aliamini kabisa kwamba herufi B nyekundu ni ya Baba, akawaeleza wazee hivyo, na wazee wakaridhika. Ukweli ni kwamba ni ya Boston. Baba alikuwa shabiki wa Red Sox, timu ya besiboli, kwa karibu miaka hamsini.

Alifika Boston akiwa mwanafunzi, akapanga chumba ghorofa ya juu kwa familia moja yenye asili ya Ireland. Oktoba 1975 mwenye nyumba alimwita chini watazame mechi ya sita ya fainali dhidi ya Cincinnati. Mechi ilivuka saa sita usiku. Katika awamu ya 12 Carlton Fisk akaupiga mpira juu kabisa, ukaelekea kutoka nje ya mstari, naye akawa anarukaruka na kuupungia mikono ubaki ndani. Ukagonga nguzo ya mpakani, ikawa ushindi. Baba alisema sheria za mchezo hakuzielewa hata moja, ila alielewa mtu mzima kuusihi mpira. Jioni iliyofuata Boston wakafungwa mechi ya saba na kukosa kombe, na mwenye nyumba akamwambia, "Karibu, sasa wewe ni mwenzetu."

Hakuipenda timu hii kwa kufumba macho. Kabla hajatununulia kofia alitukalisha chini akatuambia kwamba Red Sox ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mchezaji mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959, miaka 12 baada ya Jackie Robinson kufungua njia. Ukipenda kitu, alisema, kijue chote. Mama alikuwa akimjibu kwamba yeye kwa mambo ya nyumbani mbona hajui hata sukari inakaa wapi.

Mama ni wa Moshi, na hapo ndipo pana kisa cha Aprili 1988. Siku ya Patriots' Day Boston huwa na marathoni, na wakimbiaji hupita Kenmore Square, hatua chache kutoka uwanja wa Fenway. Walisimama hapo pamoja, baba akimshangilia Ibrahim Hussein wa Kenya, mama akimwita Juma Ikangaa wa Tanzania. Hussein alishinda kwa sekunde moja. Sekunde hiyo iliongelewa mezani kwetu miaka na miaka.

Shangazi alipozungumza makaburini mlicheka, na wasiokuwapo wanastahili kusikia. Mwaka 2004, katika nusu fainali ambayo wa kwanza kushinda mechi nne ndiye hupita, Red Sox walikuwa nyuma mechi tatu kwa sifuri mbele ya Yankees wa New York, wakashinda nne mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na timu yoyote katika besiboli ya ligi kuu. Wakaenda fainali kuwachapa Cardinals wa St. Louis nne nyingine. Tarehe 27 Oktoba, baada ya miaka 86, kombe likarudi Boston. Huku ilikuwa karibu usiku wa manane. Voi kulikuwa kumekucha. Simu ikalia, shangazi akamsikia kaka yake analia, akaanza naye kulia, akauliza, "Ni nani?" Akajibiwa, "Tumeshinda!" Hakuongea naye mpaka Krismasi.

Wiki ile watu wa Boston walipeleka magazeti na bendera kwenye makaburi ya wazee wao. Mwenye nyumba wa zamani alikwenda kwa baba yake, na baba yetu akamsindikiza. Mzee huyo, sasa anatembelea fimbo, alikaa nasi kanisani Lowell mwanzo hadi mwisho, amevaa fulana ya Fisk, namba 27. Asante sana, Mzee.

Madaftari ya baba tunayo. Ni yale ya shule, ameyapigia mistari kwa penseli, kila mechi aliyosikiliza redioni: K kwa mpigaji aliyetolewa akizungusha gongo na kuukosa mpira, K iliyogeuzwa nyuma kwa aliyetolewa amesimama tu anatazama. Mjukuu mkubwa ameyachukua, na ameshaanza ukurasa mpya.

Ibada ya shukrani itafanyika kanisani kwetu Lowell Jumapili ya kwanza ya Aprili, mara baada ya ibada ya asubuhi. Chakula kitakuwepo. Mlioacha sufuria na sahani kwetu, zimeoshwa na ziko jikoni. Ile sufuria kubwa yenye mfuniko uliobonyea bado haijapata mwenyewe. Hatuwezi kumtaja kila mmoja kwa jina. Kila mmoja wenu apokee shukrani hizi kama zake, na Mungu awabariki.

Mama, watoto na wajukuu