Usiifute ile sifuri

Ndugu yangu Rajabu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Bakari amenitumia rasimu yako, nikaona umeiondoa tarafa ya T9 R10 kule Maine, jimbo la Marekani, kwa sababu haina wakazi, yaani idadi yake ni sifuri. Nakuomba uirudishe kabla Mwalimu hajaisoma.

Kule mpima ardhi alitangulia, watu wakasubiriwa. Msitu ulikatwa miraba ya maili 6 kwa 6 hivi, yaani kilomita za mraba 93, ili uuzwe. Jina ndilo linalokuonyesha mahali: R huhesabu safu za tarafa kutoka mpaka wa mashariki wa jimbo kwenda magharibi, T huhesabu kwenda kaskazini. Kwa hiyo R10 iko kama maili 54 hadi 60 kutoka mpaka huo. Sehemu nyingi wakulima hawakufika, mbao zikawa ndiyo mali. Hadi leo zaidi ya nusu ya eneo la Maine haina serikali za mitaa. Kodi, shule na mipango ya ardhi hushughulikiwa na jimbo na kaunti.

Sasa hiyo sifuri. Usiichukue kwenye jedwali la juu, maana huko sensa hujumlisha tarafa nyingi kwa pamoja. Shuka hadi vipande vidogo kabisa vya sensa, chagua vilivyo ndani ya mraba wako, ujumlishe. Kipande kikivuka mpaka, sema wazi kwamba ni makadirio. Tazama pia idadi ya nyumba kwenye jedwali: ukikuta nyumba bila watu, si kosa. Sensa humwandika mtu anakoishi kwa kawaida, tarehe 1 Aprili ikiwa ndiyo siku ya marejeo, hivyo mwindaji mwenye kibanda na mkata magogo huandikwa kwao.

Na tahadhari na mwaka 2020! Ili kulinda siri za watu, hesabu za maeneo madogo zilibadilishwa kidogo kwa makusudi. Jumla ya jimbo na idadi ya nyumba ni miongoni mwa chache zilizoachwa kama zilivyo. Kijiji cha Monowi, jimbo la Nebraska, kilikuwa na mkazi mmoja, sensa ikaandika 2. Basi ukiona watu 3 msituni pasipo na nyumba hata moja, usiwaamini. Linganisha na 2010. Ndiyo maana naing'ang'ania sifuri yako: ikihakikiwa, ni habari kamili kama idadi nyingine yoyote.

Ramani uliipata toleo gani? Mito umeichora, au barabara za magogo tu? Zile tarafa nyingine umezifuta pia? Na Zuhura amepona?

Wako,
Idi